Anafukuzwa, Hafukuzwi

Wiki iliyopita uliniacha nimesimama katikati ya sebule, barua ya posa mkono wa kulia, redio mkono wa kushoto, akili haijui ishike lipi. Basi nipo pale pale. Vuta mkeka ukae.

Kwa aliyechelewa kufika: mimi ni Ashatu, mjane wa Mji Mkongwe wa Bagamoyo, mpishi wa shughuli. Mmekwisha kunisoma nikiunguliwa na jiko, nikikimbiwa na mpangaji, nikiumwa na mbuzi wa akika mbele ya wageni. Safari hii nilidhani Mungu kanihurumia. Kijana Abdulswamad, afisa wa pasi katika ubalozi wa nchi moja ambayo mhariri kanikataza kuitaja, alimposa binti yangu Wahida. Nchi hiyo tuiite Ng'ambo, na watu wake ni wa pwani kama sisi.

Mama yake kijana, Bi Shufaa, ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Alipanga nyumba huku kwa ajili ya hewa ya bahari, na mwanawe huja mwisho wa wiki kumtazama. Kumtazama mama, nasema. Jicho lenyewe lilikuwa linavuka ukuta.

Posa tukaipokea, pete ikavalishwa, nikaha ikapangwa Ijumaa, wiki tatu mbele.

Asubuhi yake redio ikasema Ng'ambo imewafukuza maofisa wawili wa ubalozi wetu kule kwao. Kisa, meli yao ya uvuvi tuliyoikamata.

"Mama," Wahida akaniuliza, "na sisi tutawafukuza wawili wao?"

Hapo ndipo nilipokuacha.

Sasa elewa hesabu yangu ilivyokaa. Ofisa akifukuzwa, harudi tena. Abdulswamad akifukuzwa kabla ya nikaha, posa imekufa. Akifukuzwa baada ya nikaha, anaondoka na mkewe. Na mimi mwenzio nina Wahida peke yake. Baba yake yuko makaburini, ndugu hakumwachia, na nyumba hii ina vyumba vitano vya kusikiliza mjusi.

Shika hilo, maana ndilo lililonitia katika dhambi ninayoiungama leo.

*

Mkabala na dirisha langu ndipo wanaume wanapokunywa kahawa. Mwenyekiti wao, ambaye hakuna aliyemchagua, ni shemeji yangu Mwinyimvua, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu. Ndiye walii wa Wahida. Bila yeye hakuna nikaha.

Jumapili asubuhi alikuwa na redio pajani, anafundisha.

"Sikilizeni. Serikali ina ngazi zake. Kwanza inasikitishwa. Ikisikitishwa, nyie endeleeni kunywa kahawa. Halafu inashangazwa. Ikishangazwa, tega sikio. Halafu inamwita balozi ajieleze. Hapo ndipo watu wanateremsha masanduku juu ya kabati. Sasa jana wizara yetu imesema nini?"

"Imesikitishwa," wakajibu.

"Basi! Hafukuzwi mtu. Asilimia tisini."

Mwalimu Mikdad, aliyefundisha hesabu mpaka akastaafu, akaweka kikombe chini. "Tisini umeitoa wapi, Mwinyimvua?"

"Miaka arobaini nasikiliza redio. Nimefuatilia ugomvi wa nchi na nchi mara kumi na moja. Waliofukuzana, mara tatu tu."

"Tatu katika kumi na moja haiachi tisini. Inaacha sabini na kitu."

"Hiyo iliyozidi ni uzoefu."

Nikacheka dirishani mpaka nikaunguza kitunguu. Lakini Mwinyimvua akageuka, akaniona, akaninyooshea kidole.

"Na wewe shemeji, uko nao ukuta kwa ukuta. Ukiona dalili, dalili moja ya kweli, niletee. Kesho yake nafungisha nikaha. Mtoto wa ndugu yangu hawezi kuachwa na posa mkononi kwa sababu ya samaki."

"Haya shemeji," nikasema.

Haya. Neno jepesi hilo.

*

Mwinyimvua anatabiri kwa redio. Mimi natabiri kwa vyombo.

Usicheke. Kwetu nikipika kitu kizuri, sahani moja inavuka ukuta. Jirani naye akipika, chombo changu kinarudi na kitu ndani. Hakirudi kitupu. Huna chakula, tia embe. Huna embe, tia ndimu tatu. Mimi nimeona mtu katia chumvi, nikaipokea na nikamshukuru.

Na mtu mwenye nia ya kukaa hakurudishii vyombo vyote. Daima kimoja kinabaki kwake, kingine kiko kwako, mnadaiana hivyo miaka nenda miaka rudi. Ukiona jirani karudisha vyombo vyote siku moja, huyo anahama. Meneja wa benki nilijua uhamisho wake kabla ya mkewe. Yule daktari wa meno vile vile. Sijakosea hata mara moja.

Basi Jumatatu mchana Dija, msaidizi wa Bi Shufaa, akapiga hodi na kapu kichwani, limefungwa kwa kitambaa cha meza.

"Bi Shufaa anakusalimu sana. Anasema vyombo vyako hivi."

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Kaenda Dar es Salaam tangu alfajiri, kwa mwanawe. Mie kanipa likizo, nakwenda kwetu Saadani."

"Likizo ya siku ngapi?"

"Hakusema, Bibi."

Akaenda zake. Nikafungua kitambaa. Juu sahani ya maua, tupu. Chini yake bakuli la mchuzi, tupu. Bakuli la pili, tupu. Kombe la pilau, tupu kabisa, limesuguliwa linang'aa.

Kwanza nikakasirika. Hata ndimu, Bi Shufaa? Mtu wa pwani kama wewe?

Halafu nikaelewa. Huyu hakunitukana. Huyu yuko mbioni. Vyombo vyote, siku moja, msaidizi kapewa likizo isiyo na siku. Wanafukuzwa, na wao wamekwisha kujua.

Hii sasa ndiyo dalili ya kweli. Kilichotakiwa ni kuvuka njia, hatua kumi na mbili, nimwambie Mwinyimvua. Jumanne nikaha ingefungwa.

Na Jumatano mwanangu angepanda ndege.

Nikasikia sauti ya Wahida nje, anaamkia wazee, karudi kutoka shule anakofundisha. Nikalibeba kapu lile jinsi lilivyo, nikalisukuma mvunguni mwa kitanda changu. Vile vya chini hata sikuvigusa. Nikashusha shuka mpaka sakafuni.

"Mama, mbona unahema?" Wahida akauliza.

"Panya," nikasema.

Ndiyo hivyo. Niliona dalili, nikaificha, nikijua ninachokifanya. Nilijiambia: wakiondoka kimya kimya, atalia mwezi, miwili, halafu atabaki kwangu. Kulia kunakwisha. Ndege haigeuki.

*

Jumanne Mwinyimvua alikuja mwenyewe, kavaa koti, maana yake ni rasmi.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba. Nimekuja kwa kazi moja. Umeona lolote upande wa pili?"

Wahida alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba, vumbi la chaki bado mikononi. Simu yake kaishika kama mtu aliyeshika kifaranga. Tangu Jumamosi Abdulswamad hakupiga. Ujumbe wake wa mwisho niliusoma nilipopewa niusome: "Nikinyamaza ujue tumekatazwa simu. Si moyo wangu."

"Sijaona kitu," nikasema.

Ningeishia hapo ningekuwa mwongo wa kawaida. Lakini mdomo wangu ukishapata njia haujui kusimama.

"Tena jana wameingiza unga gunia zima kwa mlango wa uani. Mtu anayefukuzwa anunue gunia?"

Mwinyimvua akapiga paja. "Gunia! Basi tisini na tano!" Akatoka mbio na habari yake. Dakika tano baadaye gunia langu la uwongo lilikuwa linazunguka kahawani na limekwisha kuwa mawili.

Wahida akanishika mkono. "Kweli Mama, umeliona?"

"Nimeliona."

Akatabasamu. Nami nikaenda jikoni nikamenya vitunguu, ili nipate sababu ya machozi yangu.

*

Jumatano saa saba wizara ikapanda ngazi mbili kwa mpigo. Haikushangazwa wala nini, ikamwita balozi wa Ng'ambo moja kwa moja ajieleze.

Pale kahawani ukasikia kelele kama za goli.

"Anafukuzwa!" Mwinyimvua akapiga ukelele. "Asilimia themanini!"

"Jana ulisema tisini na tano hafukuzwi," Mwalimu Mikdad akamkumbusha.

"Jana ilikuwa jana!"

Akavuka njia, akasimama chini ya dirisha langu. Safari hii hakuwa na mzaha.

"Ashatu." Hakuniita shemeji. "Gunia lile uliliona kwa macho yako? Maana ndilo lililonizuia. Kama hukuliona, niambie sasa hivi. Nakwenda Dar es Salaam mwenyewe, namtafuta kijana, nikaha inafungwa leo kabla ya Magharibi."

Angalia Mungu alivyo mwema. Alinipa mlango wa pili wa kutokea, mpana, na mtu kanishikia.

"Nililiona," nikasema.

Akanitazama kidogo. Akarudi kwa wenzake.

Baada ya Alasiri, wazee wa kahawa hawajarudi msikitini, nikasikia gari. Wahida alikuwa shuleni bado, darasa la saba wana masomo ya ziada. Nikachungulia. Gari lenye namba za ubalozi limesimama mbele ya nyumba ya Bi Shufaa. Akashuka yeye, kajitanda. Akashuka Abdulswamad, kanzu nyeupe, kofia, koti. Wakashuka wanaume wawili nisiowajua, nao na kanzu zao.

Hawakuingia ndani. Walisimama mlangoni pao, wakageuka, wakatazama kwangu.

Wamekuja kuaga, nikajisemea. Wakiingia, Wahida atawakuta. Akiwakuta, nikaha itafungwa hapo hapo, na ndege ile ile itamchukua.

Mlango wangu ulikuwa wazi. Kwetu mlango mchana uko wazi, labda uwe umegombana na mtaa mzima. Nikauendea taratibu. Nikamwona Bi Shufaa kainua mkono kidogo, kama anayetaka kunipungia.

Nikaufunga. Mbao zote mbili. Nikatia na komeo.

Nikakaa chini nyuma yake, nahesabu pumzi. Walisimama muda mrefu kuliko nilivyodhani mtu anaweza kusimama mbele ya mlango uliofungwa. Kisha gari likaondoka.

Wahida aliporudi nilikuwa nimekwisha kuufungua, na biriani liko mezani.

"Leo kuna nini?" akauliza.

"Njaa tu," nikamjibu.

*

Alhamisi, saa mbili asubuhi, Mwinyimvua aliingia kwangu bila hodi. Anacheza. Mzee wa miaka sabini na mbili, redio begani, anacheza sebuleni kwangu peke yake.

"Hafukuzwi! Hafukuzwi mtu! Meli imeachiwa, mabalozi wamepeana mikono, na wawili wetu wanarudi kazini! Nilisema nini mimi? Nilisema nini Jumapili?"

"Ulisema tisini, Baba mkubwa!" Wahida, ambaye Alhamisi vipindi vyake ni vya mchana, akaruka akamkumbatia. Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka pamoja.

"Nikaha Ijumaa ile ile tuliyoipanga! Mwambie mama yako achambue mchele!"

Akatoka kwenda kumtafuta Mwalimu Mikdad amwombe msamaha kwa niaba ya hesabu.

Nami, ukitaka ukweli, nilifurahi. Nilifurahi kwa moyo wote. Hakuna ndege. Hakuna aliyeumia. Uwongo wangu umekufa wenyewe bila kuzikwa. Binti ataolewa nyumba ya pili, nitamwona kila siku juu ya ukuta. Nilijiona mwanamke mwenye bahati kuliko wote pwani hii.

"Tuwapikie kitu, Mama," Wahida akasema. "Watakuwa wanarudi leo. Tuwapelekee bajia na mkate wa ufuta. Vile vyombo vyetu viko kwao vyote, tutatia kwenye nini?"

Na mimi, kwa furaha ile, kwa ujinga ule, nikamjibu: "Viko mvunguni mwangu."

Neno limetoka. Halirudi.

Alikwishaingia chumbani. Nikamsikia anavuta kapu. Nikamsikia anavipanga sakafuni kimoja kimoja.

"Mama, tulipeleka vyombo vingapi?"

"Saba."

"Mbona hapa viko vinane?"

Nikaenda. Vimekaa mstari: sahani, bakuli, bakuli, kombe, sahani mbili ndogo, jagi. Na cha nane, kilichokuwa chini kabisa ya kapu, hotpoti ndogo ya buluu. Si yangu. Ya Bi Shufaa ile, niliwahi kuiona jikoni kwake.

Wahida akaibeba, akaipima. "Nyepesi," akasema. Akafungua kifuniko.

Ndani mlikuwa na karatasi, imekunjwa mara nne.

Bi Shufaa hakurudisha vyombo vitupu. Mtu wa pwani yule. Mimi ndiye sikufika chini.

Wahida akaisoma kwa sauti. Nilimwomba asisome kwa sauti. Akasoma.

"Bi Ashatu, mkwe mwenzangu, assalaam alaykum. Simu tumekatazwa, na Dija sitaki kumbebesha maneno mazito. Mwanangu anaogopa jina lake litakuwa katika wawili watakaofukuzwa. Kama mko radhi, tufunge nikaha Jumatano baada ya Alasiri. Mashahidi tutakuja nao. Wahida si lazima aondoke nasi. Atabaki kwako mpaka mambo yatulie, mwaka, hata miwili. Najua huna mwingine. Tutasimama mlangoni petu. Tukiuona mlango wako wazi, tutaingia. Ukiufunga, nitajua jibu lako wala sitakulaumu. Nitahama Bagamoyo na mwanangu ataomba uhamisho. Jirani yako, Shufaa."

Akarudia mstari mmoja, polepole. "Wahida si lazima aondoke nasi."



"Mama. Vyombo hivi vilirudi lini?"

"Jumatatu."

"Na jana Alasiri?"

"Walikuja."

"Na mlango?"

Nikanyamaza. Wahida ni mwalimu, anajua mtoto aliyenyamaza kwa kutojua na aliyenyamaza kwa kujua.

"Serikali haijamfukuza mtu," akasema. "Umemfukuza wewe."

Hakupiga kelele. Ningetamani apige. Nimeshapigiwa kelele na watu wengi maishani, nina ngozi yake. Ile sauti ya chini sikuwa na ngozi yake.

Tukiwa bado pale sakafuni, nje likasimama gari kubwa. Tukasikia ukuta kwa ukuta: mlango wa Bi Shufaa unafunguliwa, watu wanaingia, kabati linaburutwa.

Lori la kuhama.

*

Wahida akasimama, akapiga simu ya Abdulswamad. Imezimwa. Mimi nikadhani atatoka mbio. Hakutoka. Mchumba hawezi kukanyaga nyumba ya kina mume kabla ya nikaha, hata nyumba hiyo ikiwa inapakiwa.

Akavua pete. Akaikunja ndani ya barua ile ile, ikakunjika vizuri isigonge. Akaitia ndani ya hotpoti ya buluu, akafunika, akanipa.

"Mpelekee chombo chake," akasema. "Mwambie kwa kinywa chako ulichofanya. Yote, na lile gunia la uwongo. Akikusamehe, arudishe pete kwa mkono wako. Asiposamehe, akae na chombo. Mimi nitasimama mlangoni. Nitaangalia mikono yako tu, sihitaji maneno mengine leo."

"Mwanangu, nisikilize..."

"Mikono, Mama."

Halafu akaenda kufungua mlango wetu. Mbao zote mbili, mpaka ukutani.

Nikavaa buibui. Toka mlangoni kwangu mpaka kwa Bi Shufaa ni hatua tisa. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Bi Shufaa, sikuisoma barua. Bi Shufaa, niliogopa. Bi Shufaa, mimi ni mshenzi lakini binti yangu siye. Nilikwisha kuchagua hilo la tatu.

Wale wa kahawa walikuwa wamezima hata redio.

Bi Shufaa alikuwa kizingitini, buibui limefungwa kwa safari, anawaelekeza wapakizi. Abdulswamad alikuwa ndani ya gari la ubalozi nyuma ya lori, kioo kimepandishwa. Hakugeuka.

"Habari za asubuhi, Bi Shufaa."

"Nzuri."

Hakuongeza "za kwako". Siku zote huuliza za kwangu, za mtoto, za jiko, za goti.

Akaiona hotpoti mikononi mwangu, na uso wake ukalegea. Nilijua alichokisoma, maana mimi ndiye bingwa wa elimu hiyo. Jirani anakurudishia chombo chako asubuhi unapohama. Hakuna kuaga kulikokamilika zaidi ya huko.

"Umenirudishia chombo changu," akasema. "Ahsante. Sikukitegemea."

Akakichukua kabla sijafungua kinywa. Akakipima mkononi, hivi, juu na chini, kama Wahida alivyokipima. Chepesi. Akatikisa kichwa kidogo, akampa mpakizi aliyekuwa karibu.

Hakufungua.

"Bi Shufaa..."

"Tusichoshane, Bi Ashatu. Mlango niliuona."

Akapita, akaingia garini kwa mwanawe. Mpakizi akaitia hotpoti ndani ya boksi la vyombo, boksi likatupwa juu ya godoro, turubai likavutwa, mtu akagonga bodi ya lori mara mbili. Injini ikanguruma, ikaimeza sauti yangu.

Nikageuka kumtafuta Wahida.

Alikuwa mlangoni kama alivyosema, kaegemea ubao. Anaangalia mikono yangu. Hakuna hotpoti, hakuna pete. Nikaiona sura yake inavyoelewa, na inavyojikaza ielewe vizuri, mbele ya baba yake mkubwa na kahawa nzima. Alikuwa anaamini kwamba nimesema kila kitu, na kwamba jibu ni hapana.

Na mimi sikuwa nimesema hata neno moja.

Lori likaanza kusogea. Gari la ubalozi likafuata nyuma yake.

Nina miaka hamsini na nne na goti bovu. Nikavua makubadhi, nikamtupia Mwinyimvua, nikakunja buibui mpaka magotini mbele ya wazee wote wa Bagamoyo, nikaanza kukimbia nikipiga ukelele kwamba chombo si kitupu. Mbele yangu lori lilikwishafika kona, likakata kushoto kuelekea barabara ya Dar es Salaam.